Watoto Watano wa Mzee Gaspari

Ndugu zangu wa jumuiya,

Tangu nirudi mmenijia nyumbani mmoja mmoja, na kila aliyekuja ameuliza jambo lilelile: mafungo ya Mtowisa yalikuwaje, na kwa nini Jumapili nilipoombwa kutoa tafakari nilitikisa kichwa nikabaki kwenye benchi. Nimewajibu kwamba nilichoka. Si uongo, ila si jibu. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitaruka mahali fulani, najijua. Kwenye karatasi nikiruka, mtaliona pengo.

Stendi ya Sumbawanga

Mambo ya kuombwa na kupewa barua nayaacha, mnayajua. Katekista wa kigango kimoja karibu na Mtowisa alitaka mtu wa kuwaongoza katika siku tatu za mafungo ya Majilio, mkanitaja mimi. Nilijifanya nasitasita, lakini moyoni nilifurahi kupita kiasi. Tangu nistaafu ualimu hakuna kinachonipa raha kama kusimama mbele ya watu wakanyamaza kunisikiliza, nanyi mmenizoeza vibaya kwa kunisifu.

Niliandika tafakari tatu kwenye daftari la mistari. Ya kwanza ilihusu kungoja. Ya pili ilihusu kuandaa njia ya Bwana, mabonde yajazwe na milima ishushwe, nikajiona mjanja kwamba mimi wa mlimani nakwenda kuwaambia hayo watu wa bondeni. Ya tatu ilihusu Yosefu na Maria wakisafiri kwenda kuandikishwa.

Jumatano asubuhi stendi ilikuwa na ukungu, watu wamejikunyata ndani ya makoti. Gari letu lilisemekana la saa mbili. Liliondoka saa tano na nusu, maana dereva alikuwa akimngoja fundi wa tairi kwenye kona moja na fundi akimngoja dereva kwenye kona nyingine, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa simu. Nilikunywa chai vikombe vitatu. Miguuni nilikuwa na mfuko wa dagaa wa Kirando, zawadi niliyowapelekea wenyeji wangu, na harufu yake ilinitafutia nafasi pana kwenye kiti.

Aliyekubali kukaa nami ni Mama Winfrida, mfanyabiashara wa maharage, mama mnene mwenye kicheko cha karibu. Ni Mfipa, basi tukaacha Kiswahili tukaingia Kifipa, mazungumzo yakawa matamu. Kwa kuwa gari halikuondoka nilitoa daftari nikamsomea tafakari ya kwanza. Ilisema kwamba Yule tunayemngoja haji kwa sura tuliyoizoea, na kwamba mtu anaweza kungoja miaka, mgeni akafika, akampita mlangoni kwa kutomtambua. Mama Winfrida akasema imemgusa. Nikafunga daftari nikijisikia kwamba mafungo yameshaanza.

Kuteremka

Wengi wenu hamjawahi kwenda bondeni, kwa hiyo niwaambie kidogo. Gari linapanda kwanza, linapita kando ya msitu wa Mbizi, mvua nyembamba ikipiga vioo. Halafu ardhi inakatika. Mbele yako hakuna kitu ila hewa, na chini kabisa bonde limelala, na Ziwa Rukwa linang'aa kama sinia lililoachwa juani. Barabara inajikunja mlimani, masikio yanaziba, na kila kona mtu anavua kitu: kwanza shali, kisha koti, kisha sweta. Tulipofika chini nilikuwa natoka jasho kama mtu aliyekimbia.

Muze tulikula wali wa bondeni na samaki. Tukaendelea. Haikupita saa moja gari likasimama. Mbele kulikuwa na korongo, na korongo lilikuwa limejaa. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani tulikotoka, na maji yakatutangulia. Yalikuwa mekundu, yanabeba magogo.

Dereva alizima injini akasema maji yatapungua kesho. Alisema kwa utulivu wa mtu aliyelisema jambo hilo mara nyingi. Wanaume walikaa wakabishana kuhusu kina cha maji. Wenye ndugu Muze walipanda pikipiki wakarudi. Mimi na Mama Winfrida tulibaki tumesimama na mizigo yetu, tukinung'unika.

Jioni ilipokaribia wakaja wenyeji. Mmoja alikuwa mwanaume mrefu, amevaa mabuti ya mpira na kushika fimbo. Alitusalimu kwa heshima, akasema jina lake ni Maduhu, ni mfugaji, na nyumba yake iko pale nyuma ya miti, na si vizuri akina mama walale garini. Alijitwisha begi langu begani bila kungoja nikubali. Kondakta akanihimiza, akasema, "Nenda tu, mwalimu, hawa ni watu wazuri." Nikaenda. Njia nzima nilishikilia mkoba wangu kwa mikono miwili.

Nyumbani kwa Maduhu

Sasa nafika mahali ambapo ningeruka.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo, paa la bati, na zizi kubwa pembeni. Mvua na kwato zilikuwa zimeigeuza njia kuwa uji, na viatu vyangu vya kanisani vikazama. Mke wa Maduhu alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye khanga. Ni mwanamke wa makamo, mwembamba. Alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nilidhani amelipata neno hilo kwa mumewe, na mumewe kwa kondakta. Nikaitikia marahaba, nikaangalia pa kufuta matope.

Yule mama hakuondoka. Alisimama hatua mbili mbele yangu akinitazama usoni. Alikuwa amefinya macho, mdomo umefunguka kidogo, kama anayengoja nimalize sentensi. Nikamwomba maji ya kunawa miguu. Akaenda.

Walitupa viti viwili, nikaona baadaye kwamba ndivyo viti pekee. Walichinja kuku. Kabla ya kuku kuiva wakatuletea maziwa ya mgando ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi, na mabinti wao wawili mapacha, Kulwa na Doto, wakasimama na vikombe. Mimi sikuyazoea. Nilionja nikaweka chini. Na hapo, kwa Kifipa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza chumbani kwake, nilianza kumwambia Mama Winfrida ninayoyafikiri.

Nilisema maziwa haya yananuka kama jivu. Nilisema Wasukuma hawa wametoka kwao huko mbali, wameleta ng'ombe mpaka nyasi zimekwisha, na sasa wanatuletea vibuyu. Nilisema nyumba kama hii haijawahi kuona daftari wala maji ya ubatizo. Mama Winfrida alicheka, na kicheko chake kikanipa nguvu. Yule mama alikuwa amerudi, ameinama akiweka beseni karibu nasi, tena akaniangalia kwa yale macho ya kufinya. Nikasema, "Na huyu mama naye, ananikodolea macho kama ndama. Sidhani kama kichwani mna kitu."

Tukacheka wote wawili. Tulicheka mpaka Mama Winfrida akashika tumbo.

Maduhu alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, haelewi neno hata moja. Akatutazama, naye akatabasamu. Akamwambia mkewe kwa Kiswahili, ili nasi tusikie, kwamba leo nyumba imepata baraka, wageni wamefurahi.

Mkewe alisema ndiyo, wamefurahi. Akainuka akaenda kumtazama kuku.

Tulikula. Kuku alikuwa mtamu, siwezi kumsingizia. Walitupisha kitanda chao wenyewe, kimetandikwa shuka safi lenye alama za kukunjwa, la kabatini. Juu ya kitanda, kwenye msumari, ilikuwa imetundikwa rozari. Niliiona kwa macho yangu. Nikadhani kuna mgeni wa kabla yetu aliyeisahau.

Alhamisi asubuhi

Nilitoka nje kunawa uso. Yule mama akaniletea beseni, akalishika nisiiname sana, na akaniambia, "Mwalimu, maji ni ya moto. Tanguliza vidole."

Aliyasema kwa Kifipa. Tena si Kifipa cha kubahatisha, cha mtu aliyekiokota sokoni. Kilikuwa Kifipa cha huku kwetu juu, pamoja na ile namna ya heshima tunayotumia kwa mtu aliyetulea.

Mikono yangu ilibaki hewani. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza: kama anakijua Kifipa.

"Ndicho nilichonyonya nacho," akajibu. "Mimi ni Philomena wa Mzee Gaspari. Ulinifundisha kuanzia darasa la pili mpaka la nne. Uliniweka dawati la mbele kwa sababu nilikuwa sioni ubaoni."

Akaniambia bado haoni vizuri, ila alinitambua kwa sauti nilipokuwa nakuja njiani nikilalamika kuhusu matope. Alikuwa amejiambia asijitaje, aone kama nami nitamtambua. Ndiyo maana alinitazama sana.

Mzee Gaspari mnamjua wote; tulimzika kiangazi kilichopita. Philomena, wengi wenu hamkumjua, au mliambiwa msimjue. Alikuwa mtoto wake wa nne. Alikuwa ameshaposwa na kijana wa hapahapa, mahari imekubaliwa, ndipo akaondoka na Maduhu aliyekuwa akileta ng'ombe mnadani. Baba yake alisema jina lile lisitajwe tena nyumbani mwake, na halikutajwa. Philomena aliniambia kwamba yeye na Maduhu walifunga ndoa kanisani miaka sita iliyopita, Maduhu akiwa amebatizwa Pasaka ya mwaka uleule. Aliandika barua nyumbani kuwaarifu. Barua haikujibiwa. Akaandika nyingine, nayo haikujibiwa.

Nilijua ninapaswa kusema neno kuhusu jana. Nilichosema ni kwamba jana tulikuwa tumechoka sana.

"Ndiyo," akasema, "safari inachosha."

Kisha akauliza habari za mama yake. Nikamweleza kuhusu miguu ya Bibi Yustina, na mbuzi wake, na kwamba bado anaimba kanisani mbele ya kwaya yenyewe. Akacheka, akafuta macho kwa pembe ya khanga. Akasema habari ya kifo cha baba yake ilimfikia mazishi yakiwa yameshapita wiki tatu, kupitia mtu aliyeshuka bondeni kununua mpunga. Mtu huyohuyo alimwambia kwamba siku ya mazishi ilisomwa historia ya marehemu, na ikasomwa kwamba ameacha watoto watano.

"Nilisema labda hakusikia vizuri," akasema. "Wewe ulikuwepo, mwalimu?"

Nikasema nilikuwepo, ila kulikuwa na watu wengi na kelele nyingi.

"Nani alisoma?"

Nikasema sikumbuki vizuri.

Ndugu zangu, mnakumbuka nani alisoma. Mlinipa pole na hongera siku ileile kwa sauti niliyosomea. Karatasi iliandikwa na Deo, mtoto mkubwa wa marehemu, nami aliniletea asubuhi. Nilipoipitia niliona majina matano. Katika nyumba ile nilifundisha watoto sita. Nilimwambia Deo, yeye akaniambia, "Soma kama ilivyoandikwa, mwalimu, usituletee mambo." Nikapanda pale mbele, nikavaa miwani, nikasoma watano. Sikutetereka hata kidogo.

Maji ya korongo yalipungua mchana. Philomena alitufungia matobolwa, vile viazi vitamu wanavyovichemsha kisha kuvikausha, kwenye kitambaa safi. Nilipomsimulia Mama Winfrida garini alishtuka, halafu akasema tulikuwa tunatania tu, na kwamba mwenyewe amenyamaza, basi yameisha. Akafungua kitambaa akala. Mimi nilimpa na sehemu yangu.

Mtowisa

Kigangoni walinipokea kwa nyimbo. Taji la Majilio walilitengeneza kwa kuchimbia mishumaa minne kwenye sinia la mchanga na kulizungushia majani ya mpunga mbichi. Mshumaa wa waridi haukupatikana, basi wakafunga utepe wa waridi kwenye mshumaa mweupe. Watu walikuwa wengi, Wafipa na Wasukuma wamekaa wamechanganyika, watoto kwenye mkeka mbele, joto limejaa kanisani kama maji kwenye mtungi.

Ijumaa nilitoa tafakari ya kungoja. Nilisoma neno kwa neno. Nilipofika pale pa mgeni anayefika na mwenyeji asimtambue, mzee mmoja kwenye safu ya mbele alitikisa kichwa taratibu na kusema, "Kweli kabisa." Baadaye akina mama walinishika mikono wakanishukuru. Mama mmoja alisema inaonekana kwamba haya nimeyaishi. Chakula cha mchana kilikuwa wali, maharage na dagaa wangu wa Kirando. Sahani yangu niliwagawia watoto.

Mtaniuliza mbona sikunyamaza siku ileile. Sijui. Nadhani nilitaka iwe ni maneno ya ndama tu yanayonisumbua. Hayo ni dhambi ya mdomo, mtu anaweza kuyaungama kwa padre na kutoka. Sikutaka kuligusa lile lingine.

Jumamosi asubuhi nilitoa ya pili, ya mabonde na milima, kwa sauti ndogo, na nadhani haikueleweka. Mchana ikaja ya tatu. Nilianza vizuri. Niliwaeleza jinsi amri ilivyotolewa watu wote waandikwe, kila mmoja katika mji wa kwao, na jinsi Yosefu alivyotembea na mke mjamzito mwendo mrefu kwa sababu hiyo tu, jina lake liwe kwenye orodha pamoja na ya ndugu zake. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika hivi: hata Mwana wa Mungu alikuja duniani wakati watu wanahesabiwa, akakubali kuwa mmoja wa wanaohesabiwa, basi yeyote anayemwondoa mtu kwenye hesabu ya nyumba yake anamwondoa na Yeye.

Niliandika hayo kwa mkono wangu, mezani kwangu, miezi michache baada ya kusoma watoto watano. Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa natafuta sentensi nzuri tu.

Nilifika nusu ya sentensi hiyo nikasimama. Watu walingoja. Walidhani natafuta mstari. Nikavua miwani nikaifuta, nikaivaa, maneno yalikuwa palepale. Nikamwambia katekista kwamba siwezi kuendelea, na kwamba mimi si mtu wa kuwaambia haya. Akadhani ni joto. Akaniletea maji, akawaongoza watu kusali rozari, nami nikaketi kwenye mkeka nyuma ya watoto.

Jioni yake nilimweleza katekista yote. Ni mkulima wa mpunga, umri wa wanangu, si msemaji. Akasema kwamba mama huyo anamfahamu. Ndiye anayefua vitambaa vya altare katika kigango cha jirani. Akaniuliza gari langu la kurudi linapita wapi. Nikasema linapita korongoni. "Basi," akasema.

Shambani kwa Philomena

Jumatatu nilimwomba dereva anishushe korongoni, nikaambiwa gari lingine litapita alasiri. Maji yalikuwa yamebaki mfereji mwembamba, mtoto anaruka.

Philomena alikuwa shambani akipalilia mahindi. Nilisimama kwenye mpaka wa shamba, viatu mkononi, nikamwita. Alikuja ameegemeza jembe begani. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana niliona nikikaribishwa kiti nitashindwa. Kwanza nilisema ya ndama, nikayarudia kama nilivyoyasema, bila kuyapunguza. Halafu nikasema, "Ni mimi niliyesoma siku ya mazishi. Nilijua kwamba mko sita. Nilikudanganya siku ile."

Alichomeka jembe kwenye udongo akashika mpini.

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Kabla ya kusoma?"

"Kabla ya kusoma."

Akauliza kama mama yake alikuwepo aliposikia. Nikasema alikuwepo, kwenye mkeka, mbele kabisa. Akauliza alisema nini. Nikasema hakusema kitu, alinitazama tu.

Philomena alirudi kwenye mstari wake akapalilia mashina matano sita. Mimi nilibaki nimesimama. Jua lilikuwa kali, na nilijua sina ruhusa ya kwenda kivulini. Aliporudi alizungumza polepole.

"Mwalimu, yale ya ndama niliyasamehe palepale. Nilijua huoni ni nani. Hili la pili sijui. Usiniombe leo."

Sikumwomba. Akasema nimwambie mama yake kwamba yupo, na kwamba watoto ni wawili, wanasoma darasa la tatu, wote wanaona vizuri. Akaondoka kunitafutia maji ya kunywa. Nikanywa.

Maduhu alinisindikiza barabarani na begi langu begani kama mwanzo. Tulingoja gari pamoja chini ya jua. Alizungumza kuhusu mvua, na ndama aliyezaliwa, na nilipolisikia neno hilo nilitamani kuzama. Kisha akasema kuna jambo limemkalia moyoni. Siku ile tulicheka sana, naye alifurahi, lakini mkewe amekataa kumwambia tulicheka nini.

Ningeweza kumwambia lolote. Nilimwambia kwamba nilimtukana mkewe, kwenye kiti chake, nikila chakula chake.

Aliendelea kusimama na begi langu begani, akitazama upande gari linakotokea, karibu nusu saa. Gari lilipofika alilipandisha begi, akahakikisha limekaa vizuri, akaniambia safari njema. Hakusema karibu tena.

Juu tena

Nilifika huku kwetu Jumanne, baada ya kulala mjini kwa mdogo wangu. Sikupita kwangu kwanza. Nilienda kwa Bibi Yustina na begi mkononi.

Alikuwa kibarazani anachambua uyoga. Akanifurahia, akataka kuinuka, nikamzuia. Nilimwambia nimetoka kwa Philomena. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Akauliza kama ana watoto, nikamwambia wawili, mapacha. Akauliza majina yao nikayataja. Akayarudia mwenyewe, Kulwa, Doto, akicheka kidogo kwa kuwa hayakumkaa vizuri mdomoni. Akauliza kama mkwe ni mtu mwema. Nikasema ni mtu mwema kunizidi. Akauliza kama mtoto wake bado anafinya macho akimtazama mtu. Nikatikisa kichwa kukubali.

Kisha nikamwambia kuhusu karatasi. Nilimwambia kwamba siku ya mazishi niliona majina ni matano, nikajua lililokosekana ni lipi, nikasoma hivyohivyo kwa sababu niliogopa kumuudhi Deo, na kwa sababu nilitaka kusoma vizuri.

Bibi Yustina alinitazama. Sikuona hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Nilidhani umesahau," akasema. "Watu waliponiuliza niliwaambia mwalimu amesahau, amezeeka kama mimi, msimlaumu. Nimekutetea tangu kiangazi."

Akaushika ungo, akauweka chini.

"Sasa nitawaambia nini?"

Nilimjibu kwamba yeye asiwaambie kitu, nitawaambia mwenyewe. Deo nilimwambia juzi, akanifungia mlango, ni haki yake. Mliobaki ni ninyi mliokuwepo pale uwanjani mkinisikiliza. Mzee Gaspari aliacha watoto sita. Wa nne anaitwa Philomena. Nilijua.